Mbwa mwenye mitoki apimwe kwanza, dawa baadaye

MFUGAJI wa ng'ombe wa Arusha, Kilimanjaro, Mara au Iringa hahitaji kufundishwa maana ya tezi iliyovimba. Akiona ndama amezubaa na hanyonyi, hupeleka mkono chini ya sikio na mbele ya bega, na akikuta uvimbe mgumu wa ukubwa wa limau anajua kwamba ndigana kali imeingia zizini na kila saa inayopita ni hasara. Mfugaji huyo huyo akikuta uvimbe kama huo shingoni mwa mbwa wake, mara nyingi huutazama tu.

Atasema ni mdudu kamng'ata, au ni jino, au ni uzee. Wiki mbili zikipita na uvimbe unazidi kukua, huenda duka la dawa za mifugo na kununua antibayotiki ile ile anayoifahamu kwa ng'ombe. Baada ya wiki nyingine nne mbwa amekonda, anahema kwa shida, na jirani anashauri itafutwe kamba au sumu. Utaratibu huo una gharama kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na wakati umefika wa kuubadili. Mbwa au paka mwenye tezi zilizovimba apimwe kwa sindano na kioo kwanza, kabla ya kupewa dawa ya aina yoyote.

Mlinzi asiye kwenye daftari

Katika hesabu za kaya nyingi za vijijini, mbwa na paka hawana mstari wao. Ng'ombe anaandikwa, mbuzi anaandikwa, hata plau ya kukokotwa na maksai inaandikwa. Mbwa anayebweka fisi akikaribia zizi, anayefukuza nyani na ngedere kwenye mahindi, na anayemfanya mwizi wa kuku apite nyumba ya pili, haandikwi. Paka anayelala juu ya magunia ya mfanyabiashara wa nafaka naye haandikwi, ingawa panya wakitoboa magunia hasara yake huonekana siku ya kupima kwenye mizani.

Sababu inayotolewa ni kwamba mbwa hupatikana bure. Ni kweli kwamba mtoto wa mbwa anaweza kuombwa kwa jirani. Hata hivyo, kinachopatikana bure ni mtoto wa mbwa, si mlinzi. Mtoto huyo atakula, atachanjwa kichaa cha mbwa, atapewa dawa ya minyoo, na utapita kama mwaka mmoja kabla hajaujua mpaka wa boma, sauti za wenyeji na tofauti kati ya mgeni wa mchana na mtu anayenyata usiku. Katika kipindi hicho kazi ya ulinzi inafanywa na mtu anayelipwa, au haifanywi kabisa. Hapo ndipo ilipo thamani ya mbwa mzima, na ndiyo inayopotea anapokufa kwa ugonjwa ambao pengine ungetibika.

Saratani inayofanana na ndigana

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti, ambazo kazi yake ni kupambana na maradhi mwilini. Makao yake makubwa ni tezi za limfu, wengu, ini, utumbo na uboho wa mifupa. Ni miongoni mwa saratani zinazowapata mbwa mara nyingi zaidi duniani, hasa wenye umri wa kati na wazee. Baadhi ya mbegu, kama Boxer, Bullmastiff, Golden Retriever na Rottweiler anayefugwa sana mijini kwa ulinzi, hutajwa kupatwa zaidi, lakini mbwa wa kienyeji naye hana kinga.

Wafugaji wana mfano wa karibu wa kuuelewa ugonjwa huu. Kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, kinapoingia ndani ya limfosaiti za ng'ombe huzifanya zigawanyike bila mpaka, karibu sawa na saratani. Tofauti ni kwamba katika ndigana kali adui ni kimelea, na dawa ya buparvakuoni ikikiua mapema chembe hizo huacha kuzaliana ovyo. Katika limfoma ya mbwa hakuna kimelea cha kuua. Chembe ya mwili yenyewe ndiyo iliyoharibika, na ndiyo maana antibayotiki haiwezi kuiponya hata ikichomwa mara kumi.

Kuhusu chanzo, hakuna jambo moja lililothibitishwa kwa mbwa. Mwaka 1991 utafiti uliofanyika Marekani ulihusisha limfoma ya mbwa na dawa ya kuulia magugu ya 2,4-D iliyopuliziwa kwenye bustani za nyumbani. Uchambuzi uliofanywa baadaye na wataalamu wengine uliitilia shaka hitimisho hilo. Kwa mkulima anayetumia dawa hiyo kwenye mahindi, tahadhari ya kawaida inatosha: mbwa asiingie shambani kabla dawa haijakauka, na asinywe maji ya kusafishia bomba la kupulizia.

Aidha, ieleweke kwamba limfoma ya mbwa haimwambukizi binadamu, haimwambukizi ng'ombe, wala haihami kutoka kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hakuna sababu ya kumtenga mbwa mgonjwa na watoto kwa hofu hiyo.

Mahali pa kupeleka mkono

Katika mbwa, aina inayoonekana zaidi ni ile ya tezi nyingi kuvimba kwa wakati mmoja. Takriban mbwa wanane kati ya kumi wenye limfoma huwa nayo. Sehemu za kugusa ni tano: chini ya taya, mbele ya bega, kwapani, kwenye kinena, na nyuma ya goti la mguu wa nyuma. Katika mbwa mwenye afya, tezi za chini ya taya na nyuma ya goti huweza kuhisiwa zikiwa ndogo kama punje ya haragwe, na nyingine hazihisiwi kwa urahisi. Zikifikia ukubwa wa yai la kuku, pande zote mbili za mwili, si jambo la kusubiri.

Uvimbe wa limfoma kwa kawaida ni mgumu na hauumi. Hilo ndilo linalowapoteza wengi. Mbwa anakula, anakimbia, anabweka, na mwenye mbwa anaona hakuna tatizo kwa kuwa mnyama halii anapoguswa. Baadaye ndipo hufuata kukonda, kukosa hamu ya kula, homa, kuvimba uso au miguu, na kuhema kwa shida. Wengine hunywa maji mengi na kukojoa kupita kawaida, kwa sababu baadhi ya limfoma hupandisha kiwango cha kalsiamu katika damu na kuathiri figo. Bila matibabu yoyote, mbwa wengi hufa ndani ya wiki nne hadi sita tangu kutambuliwa.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma ovyo, anayetoa udenda au anayeshindwa kumeza asishikwe shingo kutafutwa tezi. Huyo anashukiwa kichaa cha mbwa, na taarifa itolewe kwa ofisa mifugo mara moja.

Si kila mtoki ni saratani

Hapa ndipo lilipo kosa kubwa la kiuchumi, kwa sababu tezi huvimba kwa mambo mengi na katika mazingira ya kitropiki mengi ya mambo hayo yanatibika.

La kwanza ni ugonjwa unaoletwa na Ehrlichia canis, bakteria anayeenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Mbwa hupata homa, tezi huvimba, ufizi hupauka, na wengine hutokwa na damu puani. Tiba yake ni doksisaiklini kwa siku 28 mfululizo, na akiwahiwa mbwa wengi hupona. Hii inaeleza kwa nini katika kila kijiji yupo mtu anayeapa kwamba mbwa wake mwenye mitoki alipona kwa sindano ya oksitetrasaiklini, ile inayoitwa OTC madukani. Dawa hiyo ni ya ukoo mmoja na doksisaiklini. Mbwa wake alikuwa na ugonjwa wa kupe, akabahatika. Jirani aliyemuiga akakosa ni kwa sababu mbwa wake alikuwa na ugonjwa mwingine.

La pili ni nagana inayoenezwa na mbung'o. Mbwa wanaoishi kandokando ya mapori ya hifadhi huipata, wakapata homa, upungufu wa damu, mitoki, na mara nyingi macho huwa na ukungu mweupe au wa buluu. Ipo dawa, lakini hapa kuna hatari inayopaswa kusemwa wazi. Diminazini inayotumika kwa ng'ombe ina nafasi ndogo sana kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru mbwa. Ikizidi huharibu ubongo, mbwa akayumba, akaanguka na kufa. Mtu asikadirie dozi hiyo kwa macho.

La tatu ni jino bovu, jipu au kidonda mdomoni, ambavyo huvimbisha tezi za chini ya taya peke yake. La nne ni saratani ya kuambukizana ambayo mbwa hupeana wanapopandana, inayojitokeza kama nyama nyekundu inayotoa damu kwenye sehemu za siri na mara nyingine puani. Mwonekano wake unatisha kuliko limfoma, lakini ni miongoni mwa saratani chache zinazoponyeka kwa wepesi. Sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki nne hadi nane, huwaponya walio wengi. Ni hasara isiyo na maelezo kumnyonga mbwa mwenye ugonjwa huo kwa kuwa tu mtu aliona damu akasema saratani haina dawa.

Sindano moja na kioo

Kipimo kinachotenganisha magonjwa haya si cha ajabu. Daktari wa mifugo huchoma tezi kwa sindano nyembamba ya kawaida, huvuta chembe chache, huzipaka kwenye kioo, huziacha zikauke, huzitia rangi na kuzitazama kwa hadubini. Rangi ya Giemsa inayotumika ndiyo ile ile ya kutafutia malaria kwa watu na ndigana kali kwa ng'ombe. Mtaalamu aliyewahi kuchukua sampuli ya tezi ya ndama mwenye ndigana anao ujuzi wa mkono unaohitajika. Kinachobaki ni kuchagua tezi sahihi. Ya mbele ya bega au ya nyuma ya goti ni bora kuliko ya chini ya taya, kwa sababu ya taya huathiriwa na meno na huweza kupotosha jibu.

Mahali pasipo na msomaji wa kioo, kioo kinaweza kusafiri. Sampuli iliyokauka vizuri haiozi upesi, na hufika kwa basi ikiwa ndani ya kisanduku. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2012, ina maabara kuu Temeke, Dar es Salaam na vituo katika kanda. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro nacho kina hospitali ya kufundishia madaktari wa mifugo. Jambo dogo linaloharibu kazi ni kufunga vioo pamoja na chupa ya fomalini, kwa kuwa mvuke wake hubadilisha chembe zisisomeke tena.

Pamoja na kioo cha tezi, kipimo cha damu hutazama kimelea cha nagana, upungufu wa damu na hali ya jumla ya mwili. Kwa mbwa aliyewahi kuwa na kupe wengi, vipimo hivyo viwili huenda pamoja.

Hesabu ya wafugaji wawili

Wasomaji wa kurasa hizi wanapenda kuona shilingi. Bei hutofautiana kati ya mkoa na mkoa, hivyo tarakimu zinazofuata ni za mfano tu wa kukokotoa, na kila mfugaji anaweza kuweka za kwake.

Chukulia wafugaji wawili, kila mmoja ana mbwa mlinzi mwenye mitoki. Wa kwanza hapimi. Ananunua dawa za kubahatisha mara tatu kwa Sh 15,000 kila mara, jumla Sh 45,000. Mbwa anakufa. Anamnunua mtoto wa mbwa na kumhudumia kwa Sh 100,000, na kwa miezi mitatu ya mwanzo anamlipa mlinzi Sh 60,000 kwa mwezi, yaani Sh 180,000. Jumla ya hasara ni Sh 325,000, bila kuhesabu kuku watakaoibwa.

Wa pili anapima kwa Sh 40,000. Ikiwa jibu ni ugonjwa wa kupe, ananunua doksisaiklini ya siku 28 kwa Sh 30,000 na mbwa anarudi kazini. Ametumia Sh 70,000 na kuokoa Sh 255,000 akilinganishwa na mwenzake. Ikiwa jibu ni limfoma na hana uwezo wa tiba kubwa, anaweza kununua vidonge vya prednisoloni kwa Sh 20,000, akapata mwezi mmoja au miwili ambamo mbwa mkubwa bado anabweka na mtoto wa mbwa aliyekwisha kutafutwa anajifunza pembeni yake. Kwa mtoto huyo atatumia Sh 100,000, na kwa mlinzi wa miezi miwili badala ya mitatu Sh 120,000. Jumla ni Sh 280,000. Nafuu ni ndogo, Sh 45,000 tu, lakini bado ni nafuu.

Sasa chukulia hali mbaya zaidi, kwamba kila kipimo kinachotoa jibu la limfoma ni Sh 40,000 zilizotupwa bila faida yoyote. Hata hivyo, kati ya mbwa saba waliopimwa, akipatikana mmoja tu mwenye ugonjwa unaotibika, Sh 255,000 zilizookolewa kwake zinafuta Sh 240,000 zilizopotea kwa wale sita na kubakiza Sh 15,000. Katika maeneo yenye kupe wengi kuliko maji, mfugaji anayedhani mbwa wote saba wana saratani anajidanganya.

Dawa inayofunga mlango

Prednisoloni inastahili onyo lake. Ni kidonge cha bei ndogo, kinapatikana, na hufanya kazi ya kushangaza: ndani ya siku chache tezi hunywea na mbwa huanza kula. Kwa sababu hiyo baadhi ya wauzaji huitoa kwa kila mbwa mwenye uvimbe. Ikitolewa kabla ya kipimo, chembe za limfoma hupungua kwenye tezi na kioo hushindwa kuonyesha ugonjwa. Zaidi ya hapo, chembe zinazobaki huzoea dawa, na tiba kubwa ikianza baadaye hufanya kazi kwa muda mfupi zaidi. Na ikiwa mbwa alikuwa na ugonjwa wa kupe au nagana, kidonge hicho hupunguza kinga yake wakati anapoihitaji. Ni dawa nzuri mahali pake, na mahali pake ni baada ya jibu la kioo.

Kwa mbwa mwenye limfoma iliyothibitishwa, tiba kamili ni mchanganyiko wa dawa za saratani: saiklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni, ambazo ni zile zile zinazotumika hospitalini kwa watu. Hutolewa kwa ratiba ya takriban miezi mitano. Mbwa wanane hadi tisa kati ya kumi hupata nafuu kubwa, nusu ya waliotibiwa huishi takriban mwaka mmoja, na kama robo au pungufu hufikia miaka miwili. Limfoma ya chembe za aina ya B huitikia vizuri kuliko ya aina ya T. Dozi hupangwa ili mnyama asiteseke, hivyo wengi hawapati madhara makali wala hawanyonyoki manyoya kama watu. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha rasmi dawa iitwayo rabacfosadine mahsusi kwa limfoma ya mbwa. Pamoja na hayo yote, kuponya kabisa ni nadra.

Kwa kaya nyingi za wakulima, ratiba hiyo haitalipika, na hakuna sababu ya kumwonea aibu mtu anayesema hivyo. Mwenye kampuni ya ulinzi aliyewekeza katika mbwa aliyefundishwa anaweza kuona hesabu tofauti. Anayechagua tiba hiyo ajue masharti yake: damu ipimwe kabla ya kila dozi, mkojo na kinyesi cha mbwa katika siku za kwanza baada ya sindano vishughulikiwe kwa glavu, na wajawazito wasivisogelee, kwa kuwa mabaki ya dawa hutoka humo.

Paka wa ghalani

Kwa paka hadithi ni nyingine. Mwaka 1964, William Jarrett wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uingereza, na wenzake waligundua kirusi kinachosababisha saratani ya damu kwa paka. Kirusi hicho hupita kwenye mate, paka wanapolambana na kula sahani moja, na huleta limfoma kwa paka wachanga, hasa kifuani, wakahema kwa shida. Hakiwapati watu. Chanjo yake iliingia sokoni Marekani mwaka 1985, na katika nchi ambako kupima na kuchanja kumeenea, limfoma ya namna hiyo imepungua sana.

Inayoonekana zaidi katika nchi hizo sasa ni limfoma ya utumbo kwa paka wenye umri wa miaka kumi na zaidi. Paka wa namna hii hana mitoki. Anakonda pole pole kwa miezi, anatapika mara kwa mara, anaharisha, na wakati mwingine anakula sana bila kunenepa. Mwenye duka hudhani ni minyoo, na ni haki kuanza na dawa ya minyoo, kwa kuwa ni nafuu na mara nyingi ndiyo jibu. Isiposaidia, paka apelekwe kwa daktari, kwa sababu limfoma ya utumbo ya aina inayokua polepole hutulizwa kwa vidonge vya klorambusili na prednisoloni, na paka wengi huishi miaka miwili au zaidi wakila na kuwinda.

Kosa linaloua paka upesi kuliko saratani ni dawa za watu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kukivunja. Diklofenaki nayo hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Vilevile, dawa za kuua kupe zenye permethrini zinazofaa ng'ombe na mbwa ni sumu kwa paka. Mnyama mwenye maumivu asipewe kitu kutoka kwenye kabati la familia.

Mwisho usio wa kamba

Itafika siku kwa mbwa mwenye limfoma ambapo hali tena, hawezi kulala kwa kukosa pumzi, na hamtambui mwenyewe. Kumwacha aendelee si huruma. Kumnyonga au kumtegea nyama yenye dawa ya shambani ni kinyume cha Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ni hatari kwa kijiji kizima: nyama hiyo huokotwa na mbwa wa jirani, kuku na ndege, na dawa yenyewe hubaki pale watoto wanapocheza. Daktari wa mifugo ana sindano inayomlaza mnyama asiamke. Mzoga wa mnyama aliyechomwa dawa hiyo uzikwe kwa kina, kwa sababu mnyama mwingine akiufukua na kuula naye anaweza kufa. Gharama ya sindano hiyo nayo iingizwe kwenye hesabu tangu siku ya jibu la kioo, isije ikawa ghafla.

Wanaopaswa kusogea

Lawama yote isiwekwe kwa mfugaji. Mkulima wa kata isiyo na daktari wa mifugo hana pa kupeleka mbwa, na mwenye duka la dawa ndiye mshauri wake pekee. Halmashauri nyingi hufanya kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na siku hiyo mamia ya mbwa hukusanywa mahali pamoja, kila mmoja akiwa ameshikwa na mwenye mbwa. Hakuna fursa nyingine kama hiyo. Mtaalamu akipitisha mkono kwa wale watulivu na kuchukua kioo kwa wenye mitoki, kazi ya miezi itafanyika kwa asubuhi moja, na halmashauri itapata picha ya magonjwa ya kupe katika eneo lake, picha ambayo ina manufaa kwa ng'ombe pia.

Baraza la Veterinari, linalosimamia taaluma hiyo chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, nalo lina nafasi yake. Prednisoloni na diminazini kuuzwa kwa mwenye mbwa bila mnyama kuonwa na mtaalamu ni tabia inayoweza kudhibitiwa, na wauzaji walio wengi wangetii kama wangeelezwa madhara yake badala ya kufungiwa tu maduka.

Mfugaji mwenyewe anaweza kuanza bila kusubiri mtu. Mara moja kwa mwezi, siku ile ile ya kumtoa mbwa kupe, apitishe mkono sehemu zile tano: taya, bega, kwapa, kinena na nyuma ya goti. Ni kazi ya dakika mbili. Akikuta uvimbe ambao haukuwapo mwezi uliopita, aandike tarehe, asinunue dawa, na atafute mtu mwenye sindano na kioo ndani ya wiki hiyo.